Majivu Yaliyohama

Nyumba ya saba ilipoinuka kwenye kioo, wanawake wa Irindi walianza kulia.

Haikuwa nyumba ya kugusa. Ilikuwa picha tu, iliyofumwa na Mchimbuzi, ile mashine ya miguu minne iliyochomeka sindano zake kwenye uwanja wa Bibi Namkunda tangu umande haujakauka. Chini kabisa ilisimama nyumba ya kwanza, ya msonge, nyasi zikiburuza ardhini. Juu yake ya pili, juu ya hiyo ya tatu, mpaka saba, kila moja ikikalia mgongo wa mwenzake. Katikati ya zote palikuwa na mafiga matatu na moto uleule. Pembeni ya moto, Mchimbuzi aliandika: Jiko la kale. Miaka mia nne, pengine zaidi.

"Yule pale amebeba kuni," alisema mama mmoja, kidole kikigusa kioo. "Tazameni mwendo wake. Ile ni miguu ya kwetu."

"Miguu ya matege," mwenzake akadakia, na kilio kikageuka kicheko.

Nakijwa, mwendesha mashine, hakulia wala hakucheka. Irindi ni kwao, na bibi mwenye uwanja ndiye aliyemlea. Kwa haki angekuwa wa kwanza kupiga kigelegele. Badala yake alikuwa akizunguka. Alikaza sindano iliyokwisha kukazwa, akafuta kioo kilichokuwa safi, akaenda mpaka ukingo wa uwanja na kurudi.

"Dada Naki," aliita Fumbuka, fundi mwenzake aliyetoka kanda ya ziwa, "mbona unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia? Mmeshinda."

"Hatujashinda. Tumepima."

"Haya, mmepima mkashinda."

Ng'ambo ya korongo, paa za kitongoji cha Ndolo zilimeta juani. Tangu mvua zilipoanza kukosa adabu, chemchemi iliyokuwa ikilisha vitongoji vyote viwili ilikonda, ikawa uzi. Maji yake huingia kwenye ndiva, bwawa dogo la mawe na udongo ambalo hukinga usiku kucha ili mchana watu wamwagilie. Zamani Irindi na Ndolo walipeana zamu. Sasa zamu mbili hazikutosha hata moja, na kesi ilikwenda kwa watu wa Sheria ya Chimbuko. Sheria hiyo ilikuwa fupi: mwenye jiko la kale zaidi abaki na maji, mwingine ateremke Bondeni, kwenye mabanda ya bati, ambako maji huja kwa lori likija. Na jiko lipi ni la kale, wanadamu hawakuulizwa tena. Aliulizwa Mchimbuzi.

Ndolo walipimwa wiki iliyotangulia. Miaka mia mbili.

Sheria pia ilitaka kila upande ulete shahidi kwa mwenzake. Wa Ndolo alikuwa Niendiwe, mwanamke mrefu aliyezoea kuziba nyufa za mifereji, matope yakiwa hayamtoki kwenye kucha. Alisimama peke yake chini ya mgomba, akitazama nyumba saba za Irindi kwa macho makavu.

"Bibi yangu alikuwa akisema bibi zenu walikuja hapa na mizigo kichwani," alimwambia Nakijwa walipopishana. "Wakaomba maji ya kunywa kwetu. Lakini bibi yangu hakuwa mashine."

Nakijwa alirudi kwenye kioo, akawapa watu wote mgongo, akaandika amri ambayo kwa kawaida hakuna anayeiandika mbele ya wenye nyumba: Ondoa makisio. Bakiza kilichopimwa.

Nyumba saba zikapotea kama mvuke wa chai. Aliyebeba kuni akapotea na kuni zake.

Kilichobaki kilikuwa kidogo cha kutia aibu. Juu, tabaka jembamba la moto wa juzijuzi. Chini yake, udongo mtupu wa kimo cha kiganja. Na chini ya udongo huo, bonge la mkaa mkongwe, limejikusanya mviringo, limeketi ndani ya kigae kilichopinda. Kati ya mkaa ule na moto wa leo hapakuwa na kitu chochote.

Akamuuliza Mchimbuzi nyumba saba amezitoa wapi.

Udongo wa mteremko huporomoka, Mchimbuzi alijibu. Tabaka zilizopotea zimejazwa. Mkaa ulio chini ya jiko ni wa jiko hilohilo.

Nakijwa aliyasoma maneno yale mara mbili, maana yalikuwa yake. Mchimbuzi hakuzaliwa na akili, alifundishwa. Mwaka mzima Nakijwa alikaa kule ziwani, mashine ikiuliza, yeye akijibu: huu ni mfupa au mzizi, hili ni shimo la nguzo au la panya, mkaa huu ni wa jiko gani. Kule alijibu sawasawa. Watu wa kule hupika pale wanapopika, na majivu yao hulala pale yalipoangukia.

Majivu ya Irindi hayalali. Yanatembea. Na kile kigae kilichopinda, Nakijwa alikijua kabla mashine haijakitaja. Kilikuwa mdomo wa chungu.

*

Jioni, Bibi Namkunda alikuwa akichambua maharage jikoni, miguu ameinyoosha mbele kama msichana. Wageni waliokuja kumpongeza walikuwa wamekwisha kuondoka, ila harufu ya tumbaku ya ugoro ilikuwa bado mlangoni.

"Kaa," alisema. "Unanitia kizunguzungu."

Nakijwa alikaa, akasimama, akakaa tena.

"Bibi, chungu kilicho chini ya mafiga yako ulikizika lini?"

Mkono wa bibi haukusita. Harage bovu lilirushwa nje, zima likaingia ungoni.

"Umeanza kuzungumza mambo ya jikoni kwa sauti ya uwanjani."

"Tupo wawili tu."

"Na ukuta."

Nakijwa alishusha sauti. "Ulikuwa binti. Mlima wa kule kwenu ulishuka ukafunika nyumba, mkaja huku. Uliniambia mwenyewe siku niliyovunja ungo, ukanifundisha na neno lake. Moto hauanzwi, moto huhamishwa. Mama yako alizoa majivu ya jiko la zamani, na ndani yake kulikuwa na majivu ya jiko la kabla ya hapo, akayatia kwenye chungu, wewe ukakibeba."

"Nilikibeba. Utosi ukaota kipara." Bibi alicheka kidogo. "Wanaume walibeba mikuki, eti wanatulinda. Mkuki ni mwepesi."

"Kwa hiyo hatujakaa hapa miaka mia nne."

"Nani kasema tumekaa? Wameuliza moto una miaka mingapi. Wamejibiwa. Mashine yako imesema uongo?"

"Haikusema uongo."

"Basi."

"Moto ni wa kale, Bibi, ila si wa hapa. Hapa tuna miaka yako wewe, basi. Ndolo walitangulia. Wao wakihama nyumba huwasha moto mpya, wanaogopa kubeba magomvi ya wafu. Ndiyo maana jiko lao linaonekana changa. Huenda walikuwa hapa tangu mlima haujapata jina."

Bibi aliweka ungo chini. Sasa alimtazama mjukuu wake, na macho yake hayakuwa na mzaha.

"Ndolo wana miguu," alisema. "Na sisi tulikuwa nayo. Tulitembea, hatukufa wote. Mimi nikitembea tena nitafia njiani, na wewe unajua. Unataka kumzika nani, Nakijwa? Mashine?"

Mikono ya Nakijwa ilikuwa imeokota maharage mawili bila yeye kujua, ikiyasuguanisha.

"Na hata wasiponihamisha," bibi aliendelea, "jambo hili ni la wanawake waliopika kabla yangu. Hata babu yako alikufa halijui, na alikula juu yake maisha yake yote. Leo ulitie kwenye chuma? Kila jiko nchi hii litaulizwa, majivu yako umeyatoa wapi? Waliopewa haki yao kwa mkaa watanyang'anywa kwa mkaa. Utalala?"

"Nisiposema, nitalala?"

"Utazoea. Mbona kule kambini kwenu unalala, na moto wa jiko lenu ninaujua."

Hapo Nakijwa aliacha kusuguanisha maharage.

Ilikuwa mwezi wa Machi, siku kambi ya watafiti iliposimamishwa kwenye tambarare karibu na ndiva. Makontena mawili, banda la bati la kupikia, mafiga matatu mapya. Bibi alifika na kikopo cha majivu amekificha ndani ya khanga. Mtu wa Irindi, alisema, hali chakula cha moto usio na ukoo. Fumbuka alipoteremka kuchota maji, bibi na mjukuu walifukua haraka kama wezi, wakamimina, wakafukia, wakakanyaga. Usiku huo Fumbuka alisifu ugali, akasema una ladha ya nyumbani.

"Kesho," alisema bibi, akichukua ungo wake tena, "vaa lile gauni la bluu. Siku ya ushindi mtu hupendeza."

*

Asubuhi watu walijaa kwenye kuta za ndiva, Irindi upande wa juu, Ndolo upande wa chini. Maji bwawani hayakufika hata kiunoni mwa mtoto. Vijana wa Ndolo walikuwa wamekwisha kufunga baadhi ya vyombo. Kitanda kimoja kilisimama njiani kwa miguu yake minne, kama mnyama anayengoja kuswagwa.

Dakta Mwanaidi Chande, mkuu wa kambi, alikuwa mwanamke wa pwani, mpole wa sauti, ambaye kila kesi ilimwongezea mvi. Alisimama mbele ya meza yenye kioo.

"Mabibi na mabwana, kabla sijasoma uamuzi, sheria inataka mashine ijaribiwe mbele yenu. Mwendeshaji atachagua mahali ambapo umri wake twaujua sote. Mchimbuzi akisema kweli hapo, tutamwamini na kwingine. Nakijwa mwanangu, wapi?"

Kwa desturi ilikuwa zahanati. Ukuta wake una mwaka ulioandikwa kwa saruji, na Fumbuka alikuwa amekwisha kuinua miguu miwili ya mashine kuelekea huko.

Nakijwa alikuwa amevaa gauni la bluu. Usiku hakuvua viatu. Alikuwa amepanga maneno, akayapangua, akaona kwamba hana neno hata moja analoweza kulitamka bila kumvua nguo bibi yake mbele za watu. Lakini hakuwa ameombwa neno. Ameombwa mahali.

"Jikoni kwetu," alisema.

"Wapi?"

"Banda la kambi, Dakta. Pale tunapopikia."

Fumbuka alicheka. "Dada, hata masizi hayajashika vizuri pale."

"Ndiyo sababu. Kila mtu aliona tukilijenga."

Kwenye ukuta wa juu, katikati ya wanawake waliovaa khanga za sikukuu, Bibi Namkunda aliinua kichwa. Alimtazama mjukuu wake, na Nakijwa aliinama haraka kushika mguu wa mashine, maana angeendelea kutazamana naye angesema zahanati.

Walimbeba Mchimbuzi na kioo chake mpaka bandani, watu wakifuata na kuzunguka. Sufuria ya uji ikaondolewa. Sindano zikashuka kati ya mafiga. Mashine ikaguna, ikanyamaza, ikaguna. Nakijwa alikunja vidole vya miguu ndani ya viatu.

Kisha nyumba zikaanza kuinuka kwenye kioo.

Ya kwanza, ya msonge. Ya pili. Ya tatu. Mwanamke wa mwanga akapita amebeba kuni mahali ambapo gunia la unga la Fumbuka lilikuwa limeegeshwa. Ya nne, ya tano. Ya sita. Saba. Na pembeni: Jiko la kale. Miaka mia nne, pengine zaidi.

"Hili jiko," Dakta Mwanaidi aliuliza taratibu, "tulilijenga lini?"

"Machi," alijibu Fumbuka. Kicheko kilikuwa kimemkauka. "Kucha yangu iliyopondwa na kontena siku ile haijaota mpaka leo."

Dakta alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alimgeukia Nakijwa. "Kuna nini chini ya mafiga haya?"

"Majivu."

"Ya nani?"

"Ya kwetu. Tukihama tunayabeba. Jiko la Irindi mahali popote ni la kale, hata likiwa la jana. Mashine haikulijua hilo kwa sababu mimi ndiye niliyeifundisha, na sikuifundisha."

Wanaume wa Irindi walianza kusema wote kwa pamoja. Mmoja alidai mashine imerogwa, mwingine kwamba Ndolo wamemlisha binti kitu. Wakawageukia wake zao wawasaidie kukanusha, na hapo ndipo walipokwama, kwa maana hakuna mwanamke hata mmoja mtu mzima aliyewaangalia. Wote walikuwa wakitazama miguu yao.

"Mama Sifaeli," mzee mmoja alimuuliza mkewe, karibu kwa kunong'ona, "ni kweli?"

"Kula uji wako," mkewe alimjibu.

Dakta Mwanaidi alizima kioo. "Uamuzi hautasomwa," alisema. "Hakuna atakayeteremka Bondeni leo, wa juu wala wa chini. Maji yarudi kwenye zamu. Mimi nitaandika kwa wakubwa kwamba Mchimbuzi ana upofu, na kwamba kila shauri lililoamuliwa kwa mkaa liangaliwe upya." Aliguna. "Watanichukia kutoka huku mpaka mpakani." Akamshika Nakijwa bega alipopita, akaliachia bila kusema amefanya vema au vibaya.

Kitanda cha Ndolo kilirudishwa ndani. Watu walianza kutawanyika, wakibishana zamu ya kwanza ni ya nani.

Bibi Namkunda hakutawanyika. Aliingia bandani, akachuchumaa mbele ya mafiga, akasogeza figa moja. Alifukua kwa mikono mitupu, vilevile walivyofukua wawili, lakini safari hii polepole. Aliyazoa majivu yote pamoja na udongo wake, akayafunga kwenye pindo la khanga, fundo juu ya fundo.

"Bibi," alisema Nakijwa.

"Moto wangu naondoka nao."

"Hukuhamishwa. Utabaki nyumbani kwako."

"Nitabaki. Nimesikia." Bibi alisimama kwa kushika magoti. "Umeshindwa kunisikiliza mimi, ukaiuliza mashine. Basi na ikupe moto."

Aliondoka akipandisha njia ya Irindi, fundo amelikumbatia kifuani, na wanawake wengine wakamfuata bila mmoja wao kugeuka.

Nakijwa alibaki na shimo. Alilifukia, akalikanyaga, akarudisha figa mahali pake, akaona limekaa upande, akalirudisha tena. Kuni zilikuwepo. Uji wa Fumbuka ulikuwa umepoa kwenye sufuria. Alipanga kuni, akazipangua. Maisha yake yote alikuwa amekuta moto una ukoo. Kuchochea alijua, kufukia makaa alijua, lakini kuketi mbele ya mafiga matupu na kusema hapa ndipo mwanzo, hilo hakuna aliyepata kumfundisha.

Kivuli kilisimama mlangoni. Niendiwe, matope kwenye kucha, alikuwa na kibiriti mkononi.

"Nyinyi mmezoea kubeba," alisema. "Sisi tunaanza tu. Si kazi kubwa. Ila usipumue kabla haujashika, utauzima."

"Unakuja kunicheka?"

"Nimekuja kuazima sufuria. Yetu tulikwisha kuifunga." Alimrushia kibiriti. "Na usinishukuru, nami sikushukuru. Bibi yako alinipa ndizi nilipokuwa mdogo."

Njiti ya kwanza ilizimika. Ya pili iliunguza kidole. Ya tatu ilishika nyasi, nyasi zikashika kijiti, na Nakijwa akajikuta ameacha kupumua, kama alivyoambiwa.

Nyuma yake Mchimbuzi, ambaye hakuna aliyekumbuka kung'oa sindano zake, alihisi joto ardhini. Akaguna, na kioo kikawaka chenyewe kwa swali, kama alivyouliza mara elfu kule ziwani.

Moto mpya umetambuliwa. Jiko hili ni la lini?

Nakijwa alifuta masizi kwenye gauni la bluu. Alitazama njia ya Irindi, ambako hapakuwa na mtu tena. Kisha akaandika: Leo.